Fataki, Baruti na Mamlaka: Historia ya Kujaza Risasi Upya na Mipaka Yake, kwa Kurejelea Wilaya za Mbulu na Hanang, 1890–2015

IKISIRI

Makala haya yanachunguza historia ya silaha za moto kaskazini mwa Tanzania kwa kuangalia kile kinachoilisha bunduki badala ya bunduki yenyewe. Hoja kuu ni kwamba mtu anayemiliki bunduki ya risasi za kiwandani bila kuwa na njia ya kupata fataki anamiliki chuma tu. Hoja hiyo inajengwa kwa kulinganisha mazingira matatu: Marekani ya karne ya 19, ambako wenye bunduki za wenzo walizoea kujaza risasi zao upya nyumbani, karakana ya Wajerumani ya Neu-Moshi mwaka 1915, na jamii za Mbulu na Hanang, ambazo ziliendelea kutegemea mkuki na upinde. Inahitimishwa kwamba kuendelea huko kulikuwa uamuzi wenye mantiki ya kiuchumi na kisiasa, wala hakukuwa ishara ya jamii kubaki nyuma.

1.0 Utangulizi

Maandiko mengi kuhusu silaha katika Afrika Mashariki huhesabu bunduki. Hueleza ni ngapi zilipita Zanzibar, ni ngapi zilimfikia mtawala fulani wa bara, na ni ngapi zilitekwa katika vita fulani. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Takwimu ya namna hiyo inavutia, lakini haielezi bunduki hizo zilipigwa mara ngapi baada ya kufika bara, wala nani aliyeweza kuzijaza tena baada ya mzigo wa kwanza wa baruti kwisha.

Pengo hilo lina athari katika namna jamii za Mbulu na Hanang zinavyoelezwa. Wadatoga, hasa Wabarabaig wanaoishi kuuzunguka mlima Hanang, wamekuwa wakitajwa kwa muda mrefu kuwa watu wa mkuki walioshikilia mila na kukataa mambo mapya. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wameelezwa kwa lugha kali zaidi, kana kwamba upinde wao ni mabaki ya zama zilizopita. Maelezo hayo yanachukulia kwamba bunduki ilikuwa mlangoni ikisubiri kupokelewa, nao wakaipa mgongo. Makala haya yanaonesha kwamba kilichokuwa mlangoni ni kitu chenye masharti: chombo ambacho uhai wake ulibaki mikononi mwa wengine.

2.0 Istilahi

Kiswahili chenyewe kimehifadhi historia ya jambo hili. Neno "risasi" kwa asili ni jina la madini, yaani ile metali laini na nzito inayoyeyuka kwa moto wa kawaida wa jikoni. Baadaye likawa jina la kipande cha metali hiyo kinachorushwa na bunduki, na leo latumika kwa kifurushi kizima: ganda, fataki, baruti na kichwa. Kamusi za zamani zina neno jingine kwa kifurushi hicho, yaani "kiasi", kwa kuwa ndani yake baruti ilikuwa imekwisha kupimwa.

Kabla ya kiasi kulikuwa na gobori. Mwenye gobori alimimina baruti kwa mdomo wa mtutu, akatia kitambaa au nyuzi, akatia risasi au marisaa, kisha akashindilia kwa mdeki. Kitenzi "kushindilia" kilikuwa na maana halisi ya kazi ya mkono. Moto ulitoka kwenye jiwe la gumegume au, katika gobori za baadaye, kwenye fataki, yaani kikombe kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka inapogongwa. Katika kiasi cha kisasa fataki hiyohiyo imewekwa katikati ya kitako cha ganda.

Hivyo basi, kila mlio wa bunduki unahitaji vitu vinne: kichwa cha kurushwa, baruti ya kusukuma, fataki ya kuwasha, na chombo cha kuvishikilia. Swali la kihistoria ni hili: kati ya vinne hivyo, ni vingapi ambavyo mtu wa mahali fulani angeweza kujipatia mwenyewe?

3.0 Bunduki ya Wenzo na Utamaduni wa Kujaza Upya

Jibu lililo wazi zaidi kwa swali hilo linapatikana Marekani. Mwaka 1873 kampuni ya Winchester ilitoa bunduki ya wenzo iliyopata umaarufu mkubwa. Mpigaji alisukuma chini wenzo uliokuwa nyuma ya kifyatulio na kuurudisha. Ganda tupu likaruka nje, na kiasi kipya kikapanda kutoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu. Matoleo yaliyotangulia, ya mwaka 1860 na 1866, yalitumia viasi ambavyo dawa yake ya kuwasha ilienezwa ndani ya ukingo wa ganda. Ganda la namna hiyo likishagongwa haliwezi kutumika tena. Toleo la 1873 lilitumia ganda lenye fataki ya katikati inayoweza kung'olewa na kuwekwa nyingine. Badiliko hilo dogo ndilo lililomfanya mwenye bunduki awe pia mtengenezaji wa sehemu ya risasi zake.

Baadaye Colt ilitengeneza bastola zilizotumia kiasi hichohicho, na mtu mmoja akaweza kulisha silaha mbili kwa mfuko mmoja. Viasi vya ukubwa wa bastola vilifaa kujazwa upya kwa sababu vilikuwa vifupi, vilitumia baruti kidogo, na nguvu yake haikuliharibu ganda upesi. Ganda la shaba ya njano ndilo lililokuwa sehemu ya gharama kubwa, na ndilo lililodumu. Winchester yenyewe iliuza koleo na kalibu za kufanyia kazi hiyo: kung'oa fataki iliyokufa, kulirudisha ganda kwenye umbo lake, kuweka fataki mpya, kupima baruti, na kukaza kichwa kilichosubiwa nyumbani. Hata umbo la kichwa lilikuwa na sababu yake. Kwa kuwa viasi vililala kwa mstari ndani ya bomba, ncha ya kimoja ikielekea fataki ya kilichotangulia, vichwa vilifanywa bapa ili mshtuko wa bunduki usije ukalipua kiasi ndani ya bomba.

Hata hivyo, utamaduni huu haukuwa wa kujitegemea kikamilifu kama unavyosimuliwa mara nyingi. Mlowezi wa Marekani aliweza kusubu risasi na kuokota maganda yake, lakini fataki na baruti alizinunua dukani. Kujaza upya kulipunguza safari za dukani, hakukuliondoa duka. Kilichomwezesha ni soko lililokuwa wazi kwake. Soko hilo ndilo lililofungwa Afrika Mashariki.

4.0 Mkataba wa Brussels na Kufungwa kwa Soko

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliokusudiwa kukomesha biashara ya watumwa. Sehemu yake moja ilihusu silaha. Ilipiga marufuku kuingiza silaha za moto, hususan bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu na silaha zilizoboreshwa, pamoja na baruti, risasi na viasi, katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta. Nchi yote ambayo leo ni Tanzania imo ndani ya eneo hilo.

Marufuku hayo yalikuwa na mlango mdogo. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida iliyojulikana kama baruti ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kutoka katika maghala ya umma kwa usimamizi wa serikali. Mpaka uliochorwa hapo ulikuwa wa kiufundi na wa kisiasa kwa wakati mmoja. Mwafrika angeweza kuruhusiwa kushika silaha ya kushindiliwa, ambayo ilikuwa imekwisha kupitwa na wakati Ulaya, ilhali silaha ya kiasi ikabaki ya dola na ya wale ambao dola iliwaamini.

Kwamba watu wa wakati ule walielewa uzito wa risasi kuliko wa bunduki kunaonekana katika msafara wa Henry Morton Stanley wa mwaka 1887. Emin Pasha, gavana wa Ikwatoria, alikuwa na askari na bunduki; alichopungukiwa ni risasi. Kwa hiyo msafara ulioajiri mamia ya Wangwana kutoka Zanzibar ulibeba, pamoja na bunduki za Remington na bunduki 50 za Winchester, shehena kubwa ya viasi, baruti na fataki. Watu walivuka msitu wa Kongo kwa mateso makubwa, na wengi wakafa njiani, kupeleka kitu ambacho hakuna fundi wa Ikwatoria aliyeweza kukitengeneza.

5.0 Mbulu na Hanang: Silaha Zenye Malighafi ya Nyumbani

Mwaka 1892 msafiri Oscar Baumann alipita nyanda za juu za Wairaqw na nchi ya Wadatoga akiwa na msafara wenye bunduki. Watu aliowakuta walijilinda kwa mikuki, ngao, pinde na mishale. Zaidi ya hayo, walikuwa wakiishi katika mpangilio wa kiuchumi ambao kila sehemu ya silaha ilikuwa na fundi wake.

Miongoni mwa Wadatoga kazi ya uhunzi iko mikononi mwa ukoo wa Gidang'odiga, ambao kwa desturi hauoani na koo nyingine. Wahunzi hao hufua mikuki, vigumba vya mishale na mapambo kutoka kwa chuma chakavu na metali nyingine zilizokwisha kutumika. Wahadzabe, kwa upande wao, hupata misumari na vyuma kwa kubadilishana na majirani, kisha huvigonga bila moto hadi viwe vigumba. Sumu ya mishale hutoka katika mimea ya jenasi za Adenium na Strophanthus, iliyomo katika mazingira yao. Mti wa upinde, ugwe wa mshipa wa mnyama, manyoya ya mshale, vyote hupatikana ndani ya mwendo wa siku chache.

Kwa kutumia kipimo kilichotolewa katika sehemu ya pili, mshale ni silaha ambayo sehemu zake zote zinaweza kupatikana au kurudishwa. Mshale uliokosa shabaha huokotwa. Kigumba kilichopinda hunyooshwa. Kilichovunjika hurudi kwa mhunzi kikawa malighafi tena. Katika maana hiyo, jamii za Mbulu na Hanang zilikuwa na utamaduni kamili wa "kujaza upya", kamili kuliko ule wa mlowezi wa Marekani, kwa kuwa haukuhitaji duka la fataki.

Mkuki wa Mbarabaig ulikuwa na uzito mwingine pia. George Klima, aliyeandika kuhusu Wabarabaig mwaka 1970, alieleza jinsi kijana aliyeua simba au mnyama mwingine hatari alivyotunukiwa ng'ombe na jamaa zake. Heshima hiyo ilitokana na kumkaribia mnyama. Gobori, ambayo huchukua muda mrefu kushindiliwa na ambayo fataki iliyopata unyevu huweza kuigomesha, haikuwa mbadala bora mbele ya simba. Mwindaji mwenye gobori ana mlio mmoja tu, naye hana uhakika nao.

6.0 Neu-Moshi, 1915: Dola Inapojaza Risasi Upya

Ushahidi wenye nguvu zaidi wa hoja hii unatoka kwa dola lenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, ambazo baruti yake nyeusi ilitoa wingu la moshi na kumfichua mpigaji. Ushindi wa Tanga wa Novemba 1914 uliwapatia Wajerumani bunduki za kisasa na malaki ya risasi, lakini bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza.

Mwezi Aprili 1915 meli Rubens, iliyotumwa kutoka Ujerumani na kusafiri kwa jina la bandia, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth, ikazama katika maji mafupi. Sehemu kubwa ya shehena iliopolewa, ikiwemo mamilioni ya risasi. Lakini maji ya chumvi yalikuwa yamepenya ndani ya maganda. Kadiri siku zilivyopita baruti na fataki ziliharibika, na risasi zilizogoma ziliongezeka.

Kwa mujibu wa kumbukumbu za kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, suluhisho lilikuwa kuzifungua risasi zote, kusafisha baruti, na kubadili sehemu ya fataki. Kazi hiyo ilifanyika Neu-Moshi, yaani mji wa Moshi wa leo, kwenye kituo cha mwisho cha reli ya Usambara. Kwa miezi kadhaa askari na watu wengine waliopatikana walifanya kazi hiyo kuanzia asubuhi hadi usiku. Risasi ambazo hazikuguswa na maji zilitengwa kwa ajili ya bunduki za rashasha. Zile zilizojazwa upya ambazo takriban asilimia 20 ziligoma zilihifadhiwa kwa mapigano, na zilizogoma zaidi zikatumika kwa mazoezi.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, mikono iliyofanya kazi hiyo kwa wingi ilikuwa ya Waafrika. Dai kwamba ufundi wa risasi ulikuwa nje ya uwezo wa watu wa nchi hii halina msingi. Mwaka 1915 waliufanya kwa kiwango kikubwa, ndani ya kanda hiyohiyo ya kaskazini. Pili, kilichowezesha kazi hiyo ni kwamba fataki, ingawa za aina tofauti, zilipatikana zikiwa tayari ndani ya koloni. Wakati huohuo taasisi ya utafiti ya Amani, katika milima ya Usambara, ilikuwa ikitengeneza dawa ya kwinini na bidhaa nyingine kuziba pengo lililoletwa na vita. Koloni lenye maabara, reli na wahandisi liliweza kusafisha baruti na kukaza vichwa, lakini lilisimama au kuanguka kwa akiba ya vikombe vidogo vya shaba vilivyoletwa kutoka ng'ambo kabla ya bahari kufungwa.

Matokeo yalifika karibu na Mbulu na Hanang mwaka uliofuata. Aprili 1916 kikosi cha farasi cha jenerali van Deventer kilitoka Arusha, kikapita Ufiome chini ya mlima Kwaraa, na kuiteka Kondoa Irangi. Kwa wakazi wa pembezoni mwa njia hiyo, bunduki ya kiasi ilikuwa kitu kilichopita na jeshi na kuondoka na jeshi. Wajerumani nao waliendelea kupigana kusini kwa kuteka walichokosa. Tarehe 25 Novemba 1917 waliishinda ngome ya Wareno ya Ngomano na kujipatia silaha na risasi zao. Hadi wanajisalimisha Abercorn mwaka mmoja baadaye, sehemu kubwa ya askari wao walikuwa na bunduki za adui. Ilikuwa rahisi kubadili bunduki nzima kuliko kutengeneza risasi ya bunduki waliyokuwa nayo.

7.0 Leseni na Fataki baada ya 1916

Utawala wa Waingereza uliendeleza kanuni ileile kwa njia ya leseni: ruhusa ya kumiliki silaha, na ruhusa ya kununua kinachoilisha. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 ramani ya utawala ilibadilika. Hanang iligawanywa kutoka Mbulu mwaka 1969, na wilaya zote mbili zikaingia katika Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002. Kanuni ya silaha haikubadilika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ilichukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Jina lenyewe la sheria linataja vitu viwili, silaha na risasi, na utengenezaji wa vyote viwili bila kibali ni kosa la jinai.

Kwa sababu hiyo, kazi ambayo katika nchi nyingine ni burudani ya jioni mezani, yaani kukaza vichwa kwenye maganda yaliyookotwa, hapa ni suala la usalama wa taifa. Tofauti hiyo haitokani na hulka ya watu. Inatokana na historia ya zaidi ya karne moja ambamo dola, la kikoloni na la taifa huru, lilitambua kwamba kudhibiti fataki ni rahisi kuliko kuisaka kila bunduki. Gobori zinazofuliwa na mafundi wa vijijini, ambazo operesheni dhidi ya ujangili zimezikamata mara kwa mara sehemu mbalimbali za nchi, zinathibitisha jambo hilohilo kwa upande wa pili: fundi anaweza kuunda mtutu, kitako na kifyatulio, lakini hurudi kwenye silaha ya kushindiliwa kwa kuwa ndiyo pekee inayoweza kulishwa nje ya kiwanda.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili silaha za moto kwa kufuata mlolongo wa kinachozilisha. Imeonekana kwamba bunduki ya wenzo na utamaduni wa kujaza risasi upya vilistawi Marekani kwa sababu ya soko huria la fataki na baruti. Kwamba Mkataba wa Brussels ulilifunga soko hilo kwa Waafrika. Na kwamba hata dola la Wajerumani, lilipotengwa na bahari, lilijikuta katika hali ileile liliyowawekea wengine.

Kwa mtazamo huo, mkuki wa Mbarabaig, ngao ya Mwiraqw na upinde wa Mhadzabe vinapaswa kusomwa upya. Mhunzi wa Gidang'odiga aliyegeuza chuma chakavu kuwa kigumba alikuwa na kitu ambacho kamanda wa Neu-Moshi hakuwa nacho: uhakika kwamba silaha aliyoitengeneza leo ataweza kuilisha kesho. Watafiti wanaoandika kuhusu maendeleo ya silaha katika nyanda hizi wanapaswa, kabla ya kuuliza kwa nini watu hawakushika bunduki, kuuliza kwanza nani alishika fataki.